Ufuta wa Nachingwea Kwenye Meza ya Walebanoni

Kila msimu wa ufuta unapokaribia, swali linaloulizwa kwenye maghala ya Nachingwea na Ruangwa ni moja tu: mwaka huu kilo itafika shilingi ngapi? Ni swali la haki. Lakini wiki hii ukurasa huu unamwomba msomaji aanzie upande wa pili wa safari, pale ufuta unapoliwa, kwa sababu huko ndiko kunakoamuliwa ufuta upi unatafutwa na kwa bei gani. Na mahali pazuri pa kuuona ufuta ukiliwa ni kwenye meza ya mkahawa wa Kilebanoni.

Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo, Mtwara na Lindi wanaokwenda Dubai kufunga mzigo wa vipuri, vitambaa au simu wameshakula katika mikahawa hiyo, pengine bila kuuliza wenyewe ni watu wa wapi. Ipo barabara ya Al Rigga pale Deira, karibu kabisa na hoteli wanazofikia watu wetu. Ipo pia Satwa, kwenye barabara ambayo wenyeji wa zamani bado huiita Al Dhiyafah, ingawa jina lake la sasa ni 2nd December. Huko kuna mkahawa wa Al Mallah, ambao umejulikana kwa shawarma na maji ya matunda tangu Dubai haijawa na maghorofa ya kutisha.

Walebanoni ni watu wa kusafiri. Huko Dakar na Freetown walianza kufika tangu mwishoni mwa karne ya 19, wakauza vitambaa na kununua karanga. Afrika Mashariki hawakuja kwa wingi, kwa kuwa kazi hiyo ya duka na zao ilikuwa tayari mikononi mwa Wahindi na Waarabu wa Oman na Yemen. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1975 hadi 1990 viliwatoa Beirut wapishi na wenye mitaji. Ndipo mikahawa yao ikashamiri Ghuba, Paris na London, ambako Maroush ilifunguliwa barabara ya Edgware mwaka 1981. Wimbi jingine likaja baada ya mwaka 2019, pale pauni ya Lebanoni ilipoporomoka. Tangu 1997 ilikuwa imefungwa kwenye kiwango cha pauni 1,507.5 kwa dola moja. Ilipofika Februari 2023 serikali yenyewe iliandika 15,000, na soko la mitaani lilikuwa mbali zaidi ya hapo. Katika hali hiyo mwenye ujuzi wa jiko huhamisha ujuzi wake.

Namna ya kuagiza

Kwa kuwa chakula chenyewe ndiyo habari, tueleze kidogo kinavyokuja. Msomaji aliyezoea hotelini kwetu ataagiza sahani moja ya wali na nyama na kungoja. Kwa Walebanoni meza hujengwa kwa hatua. Kwanza huja mezze, yaani visahani vingi vidogo vinavyoliwa kwa pamoja, kila mtu akichovya mkate wake. Vya baridi hutangulia: hummus, ambayo ni dengu zilizosagwa zikachanganywa na tahini, ndimu na kitunguu saumu, mutabbal, ambayo ni bilinganya lililochomwa motoni likapondwa na tahini, tabbouleh, ambayo ni majani mabichi yanayofanana na giligilani yakikatwakatwa pamoja na nyanya na ngano iliyopondwa. Halafu vya moto, kama kibbeh na falafel. Mwisho ndiyo nyama ya mkaa: shish taouk ya kuku, kafta ya nyama ya kusaga, na vipande vya kondoo ambavyo mtu wa pwani atavitambua mara moja kuwa ni mishkaki ya mjomba wake.

Makosa ya mgeni ni mawili. La kwanza ni kuagiza nyama kwa kila kichwa. Watu wanne wanatosheka na visahani vinne au vitano na sinia moja la nyama mchanganyiko. La pili ni kushiba mkate kabla nyama haijafika, maana mkate huletwa ungali na mvuke na mara nyingi hauhesabiwi. Achari, zeituni na sinia la mboga mbichi nzima nzima pia huletwa bila kuitwa. Sehemu nyingi ni bure, lakini si dhambi kuuliza. Tangu Januari 2018 bili ya Dubai ina kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5. Mikahawa iliyo ndani ya hoteli huwa na tozo nyingine juu yake, na ndiyo sababu wazoefu hula barabarani.

Sasa turudi kwenye zao letu. Mle mezani ufuta umekaa wapi?

Upo kwenye hummus. Upo kwenye mutabbal. Falafel huliwa na mchuzi mweupe uitwao tarator, ambao ni tahini, ndimu na maji. Shawarma ya nyama ya ng'ombe nayo hupakwa mchuzi huohuo, ilhali ya kuku hupakwa kitunguu saumu kilichopigwa na mafuta. Mkate wa manakish wa asubuhi hunyunyiziwa zaatar, yaani majani makavu yenye harufu yaliyochanganywa na ufuta mzima. Chai ikija na kitu kitamu kiitwacho halawa, nacho ni ufuta. (Wasomaji wa Zanzibar na Muscat wasichanganye: halua yao ni ya wanga, samli na sukari na haina undugu na hii. Halawa ya Lebanoni ni tahini iliyopigwa na shira ya sukari, nayo hukatika kavu kama kashata laini.) Kwa hiyo mtu anayeinuka kwenye meza ile amekula ufuta mara nne au tano, na pengine hakuona hata punje moja.

Tahini yenyewe haina siri. Ni ufuta mweupe uliomenywa, ukakaangwa kidogo, ukasagwa mpaka ukawa uji mzito. Karibu nusu ya uzito wa punje ya ufuta ni mafuta, ndiyo maana husagika na kuwa uji bila kutiwa kitu. Kazi kubwa ni kumenya. Ufuta hulowekwa mpaka ganda lilegee, hupigwapigwa litoke, halafu humwagwa ndani ya maji ya chumvi nyingi. Hapo punje iliyomenywa huelea na maganda huzama. Huoshwa chumvi itoke, hukaushwa, hukaangwa, hupelekwa kwenye kinu. Ganda likibaki, tahini huwa chungu na rangi yake huwa ya udongo. Kwetu mama akitwanga ufuta wa kutia kwenye mboga hana shida na ganda hilo, lakini mpishi wa Beirut hatalikubali.

Hesabu ya sahani moja

Tufanye hesabu, kwa bei za kubuni lakini za karibu na hali halisi. Tuseme kilo ya ufuta imeuzwa mnadani shilingi 3,000. Katika misimu ya karibuni bei imepanda na kushuka kutegemea mwaka, hivyo msomaji atie bei ya siku yake. Kilo 100 zitagharimu shilingi 300,000. Ukipepeta uchafu, ukamenya na kukaanga, tuseme zimebaki kilo 80 za tahini. Basi kilo moja ya tahini ina ufuta wa shilingi 3,750, kabla ya kuni, umeme, chumvi, vibarua, kopo na usafiri.

Sahani moja ya hummus hutumia tahini kiasi cha vijiko viwili au vitatu vya chakula. Tuseme gramu 40. Hiyo ni shilingi 150. Sasa tuseme sahani hiyo Deira inauzwa dirhamu 20. Dirhamu imefungwa kwa dola tangu 1997 kwa kiwango cha 3.6725, hivyo ni dola 5 na senti 45 hivi. Dola ikiwa shilingi 2,500, sahani ni zaidi ya shilingi 13,600. Ufuta wa mkulima wa Mtua ndani ya sahani hiyo ni kama senti moja katika kila shilingi.

Wapo watakaopiga kelele hapa kwamba ni wizi. Ukurasa huu hauoni hivyo. Mwenye mkahawa amelipa pango la Deira, viza za wahudumu, gesi, ndimu na mpishi, na hana uhakika wa wateja wa kesho. Jambo la maana katika hesabu hii ni jingine kabisa, nalo mara nyingi hupita bila kuonwa. Bei ya ufuta ikipanda maradufu, kutoka 3,000 hadi 6,000, sahani ile inaongezeka gharama ya shilingi 150 tu. Mwenye mkahawa hata hatabadilisha karatasi ya bei. Lakini mteja akitafuna mchanga mara moja, harudi tena, na pengine huondoka na wenzake watatu.

Kwa maneno mengine, mnunuzi wa mezani haogopi bei. Anaogopa mchanga, uchungu, rangi mbaya na ugonjwa.

Wanunuzi wa aina mbili

Hapo ndipo alipo tofauti na mnunuzi wa mafuta. Anayekamua hupima ufuta kwa asilimia ya mafuta na kwa bei. Punje nyeupe na punje ya kahawia kwake ni ndugu, na uchafu kidogo atauchuja. Lakini kwake kila shilingi kumi ina maana, kwa kuwa mafuta ya ufuta yanashindana dukani na mafuta mengine. Bei ikipanda huhamia nchi nyingine. Sehemu kubwa ya ufuta wa Tanzania hununuliwa na China, ambayo hukamua na pia hutumia ufuta kwa vyakula vyake. Ni mnunuzi mzuri, analipa na anachukua mzigo mkubwa. Hata hivyo mfanyabiashara anayeuza sehemu kubwa kwa mlango mmoja akumbuke mbaazi.

Mbaazi ni zao la wilaya hizihizi, na kisa chake hakihitaji maelezo marefu kwa mtu wa Lindi. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha kuingiza mbaazi cha tani 200,000 kwa mwaka, kwa kuwa wakulima wake walikuwa wamevuna sana. Huku kwetu bei ilianguka mpaka watu wakaacha mbaazi shambani. Zao lilikuwa zuri, mvua ilikuwa nzuri, magunia yalikuwa safi. Kilichobadilika ni karatasi moja New Delhi. Kikomo hicho kililegezwa mwaka 2021, lakini waliokuwa wamekopa kwa ajili ya mbaazi walikuwa wameshalipa somo.

Ufuta una bahati kwamba una milango zaidi: Japani, Uturuki na nchi za Kiarabu pia huununua. Watengenezaji wa tahini wa Mashariki ya Kati kwa miaka mingi wamependa ufuta mweupe wa Humera, kaskazini magharibi mwa Ethiopia, na ule wa Sudan. Vita vya Tigray vilivyoanza Novemba 2020 viligusa eneo la Humera lenyewe. Aprili 2023 vita vikazuka Sudan, mmoja wa wazalishaji wakubwa wa ufuta duniani. Mwenye kinu cha tahini Beirut au Istanbul aliyezoea kununua sehemu hizo mbili amelazimika kuangaza macho kwingine. Hiyo ni nafasi. Lakini atauliza maswali ambayo mnunuzi wa mafuta hakuyauliza, na ghala lisilo na majibu halitamwona mara ya pili.

Atauliza kwanza rangi. Mbegu nyeupe tunazo: kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimetoa aina kadhaa, ikiwemo Lindi 2002. Shida ni kwamba gunia moja mara nyingi lina mchanganyiko wa mbegu safi na ile ya kienyeji iliyohifadhiwa nyumbani. Mchanganyiko huo haumzuii mkamuaji, lakini kwa mtengeneza tahini unashusha daraja papo hapo.

Atauliza mchanga. Ufuta hukatwa, hufungwa mafungu na kusimamishwa ukauke, halafu hugeuzwa chini juu na kukung'utwa. Ukikung'utwa juu ya ardhi, mawe madogo yanayolingana na punje huingia, na hakuna ungo unaoyatoa yote. Ukikung'utwa juu ya turubai hayaingii. Tofauti ya zao la mafuta na zao la mezani, kwa sehemu kubwa, ni turubai hilo moja. Watakaosema kwamba jambo hili ni dogo mno kwa ukurasa wa biashara watembelee ghala lolote mwezi Juni, wachote kiganja kimoja na kukimwaga juu ya karatasi nyeupe.

Atauliza unyevu, maana ufuta ukiwekwa ghalani na unyevu wa zaidi ya asilimia 8 hupata ukungu na mafuta yake huchacha. Na siku hizi atauliza vipimo vya maabara. Mwaka 2020 nchi za Ulaya zilikuta ufuta kutoka India una mabaki ya oksaidi ya ethilini, dawa ya kuulia vijidudu isiyoruhusiwa kwao, na bidhaa nyingi zikatolewa madukani, kuanzia mikate hadi biskuti. Bakteria wa salmonela nao wamekuwa wakikutwa mara kwa mara kwenye ufuta na tahini kutoka nchi mbalimbali, Afrika ikiwemo. Kuku wanaotembea juu ya ufuta ulioanikwa ni picha nzuri ya kijiji, lakini huleta barua mbaya kutoka bandarini. Marekani nayo, tangu Januari 2023, inalazimisha ufuta uandikwe kwenye kibandiko cha kila chakula kilichofungwa, kwa kuwa kuna watu unaowadhuru.

Je, mfumo wetu wa kuuza unamlipa mkulima aliyetumia turubai? Kwa kiasi fulani tu. Ufuta wa Nachingwea na Ruangwa hukusanywa na vyama vya msingi, AMCOS, chini ya chama kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake limetokana na Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Huwekwa ghalani kwa stakabadhi na kuuzwa kwa mnada, siku hizi kupitia mtandao wa Soko la Bidhaa, TMX. Faida ya mfumo huo inaonekana: bei inatangazwa hadharani, mizani inajulikana, na wale wa chomachoma waliokuwa wakinunua mlangoni kwa kopo wamebanwa. Lakini mnada unauza mzigo wa ghala. Gunia safi kutoka Mtua likiingia kwenye mzigo mmoja na gunia lenye mchanga, hupata bei moja nalo. Mkulima si mjinga. Akiona hivyo mwaka huu, mwakani hanunui turubai.

Dawa yake iko ndani ya uwezo wa vyama vyenyewe. Chama cha msingi kinachotenga mzigo wake mweupe, ukapepetwa tena na kupimwa kabla ya mnada, kinaweza kuutangaza peke yake. Wakitokea wanunuzi wawili wanaoutaka, bei itajitenga na ile ya mzigo wa kawaida. Asipotokea hata mmoja, chama kimepoteza gharama ya kupepeta na hakikupoteza zao. Kwa maoni yetu hiyo ni bahati nasibu yenye tiketi ya bei nafuu kuliko nyingi zinazochezwa msimu wa minada.

Jina nalo ni mali

Walebanoni wenyewe wanaelewa thamani ya mambo haya kuliko tunavyodhani. Nchi yao haitegemei ufuta wa mashamba yake, huununua nje. Pamoja na hayo, mwaka 2008 chama cha wenye viwanda wa Lebanoni kilianza kudai kwamba jina la hummus lilindwe kisheria kama mali ya Lebanoni, kikilalamika kwamba Waisraeli wanaiuza duniani kama yao. Mei 2010 wapishi wa Lebanoni walitengeneza sahani moja ya hummus yenye kilo 10,452 ili kuivunja rekodi iliyowekwa Israel miezi michache kabla. Tarakimu hiyo haikuwa ya bahati: ukubwa wa Lebanoni ni kilomita za mraba 10,452. Mtu anaweza kucheka. Lakini wanaopigania jina wamejua kwamba fedha imekaa kwenye jina na kinu, wala si kwenye punje.

Nachingwea iliwahi kupewa jina kubwa mara moja, kwa bahati mbaya. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa karanga wa kuwapatia mafuta walaji wa Uingereza, na Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu tatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Bandari ya Mtwara na reli vilijengwa kwa ajili yake. Mpango ulivunjwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza pauni milioni 36 hivi, na reli baadaye ikang'olewa. Hakuna aliyeuliza wakati ule ni zao gani wenyeji walilijua, ambalo huvumilia mvua chache.

Kwa mwenye mtaji mdogo

Wapo wasomaji wanaotaka kujua kama inafaa kuweka fedha katika kusaga tahini hapa nchini. Jibu letu ni ndiyo kwa tahadhari, na tusianze na ndoto ya kuiuzia Beirut. Soko la kwanza lipo Dar es Salaam, Zanzibar na Arusha. Shawarma sasa inauzwa kuanzia Masaki hadi vijiweni, na hoteli za kitalii za Zanzibar huweka hummus kwenye meza ya kila jioni. Tahini wanayotumia mara nyingi imetoka nje ndani ya kopo, na katika nchi inayouza ufuta kwa maelfu ya tani hilo ni jambo la kushangaza kidogo. Msomaji aingie duka kubwa lolote la Dar, atazame kopo la gramu 400 au 450, azidishe bei yake mpaka ifike kilo, halafu ailinganishe na ile 3,750 ya hesabu yetu. Nafasi iliyo katikati ndiyo biashara yenyewe, na humo ndani lazima yakae kuni, umeme, kopo, usafiri, vipimo na faida.

Dengu ni habari nyingine. Zetu za Shinyanga, Simiyu na Mwanza kwa sehemu kubwa ni zile ndogo za kahawia zinazopendwa na Wahindi. Hummus hutaka zile kubwa nyeupe. Asije mtu akanunua lori la dengu za Kanda ya Ziwa akitegemea mikahawa hii.

Kwa anayetaka kujaribu tahini, mambo matatu yamewaangusha wengi katika biashara za namna hii. La kwanza ni malighafi. Kwenda kununua ufuta mlangoni kwa mkulima wakati wa msimu ni chomachoma, hata kama nia yako ni kusaga, na unaweza kunyang'anywa mzigo. Minada nayo huuza tani nyingi kwa mkupuo. Mwenye kinu kidogo azungumze mapema na chama cha msingi na ofisi ya ushirika ya wilaya aone atapataje magunia kwa utaratibu, kabla hajanunua mashine. La pili ni mteja. Mpishi habadilishi tahini kwa maneno. Mpelekee kilo mbili bure, umwache aitumie wiki nzima, halafu urudi. Akisema chungu, amini. Ganda limebaki au umekaanga kupita kiasi. La tatu ni kibali: tangu mwaka 2019 usajili wa chakula umekuwa chini ya Shirika la Viwango, TBS, nao watataka kuona jengo, maji na mahali pa kunawia mikono kabla ya kuonja chochote. Ofisi ya SIDO Lindi ni mahali pazuri pa kuanzia kuulizia vinu na mafunzo.

Na msomaji asiogope akiona tahini yake imejitenga baada ya wiki mbili, mafuta juu na uji mzito chini. Ni tabia yake, hata ile ya Beirut. Inatosha kopo liwe na mdomo mpana unaopitisha kijiko, na kibandiko kiseme: koroga kabla ya kutumia.